Yatima Hadeki

Mtoto mdogo akianguka, halii papo hapo. Kwanza huinua kichwa akatazama huku na huku. Akimwona mama, au shangazi, au yeyote aliyezoea kumbeba, kilio hutoka chote. Goti ambalo hata halikuchubuka hupulizwa, na sakafu ikachapwa kofi kwa kosa la kumwangusha mwana wa watu. Asipomwona mtu, hunyanyuka, akajipangusa vumbi, akaendelea na yake. Kuanguka ni kulekule.

Methali yetu ya maneno mawili, "Yatima hadeki", imekaa ndani ya muda huo mfupi wa kutazama. Ni methali fupi kiasi kwamba watu huipitia mbio. Huitamka wakimaanisha kwamba asiye na mtegemewa asichague wala asilalamike, apokee apewacho. Katika mikutano ya shule huitumia kama sifa: tazameni mtoto huyu, alikosa kila kitu, naye hakudeka, leo amefaulu. Mimi pia niliitumia hivyo kwa miaka mingi. Ilinibidi nikae Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ndipo nianze kuishuku. Sikushuku kama ni kweli, maana ni kweli tupu. Nilichokishuku ni matumizi yake.

Tuanze na kitenzi. Kudeka hakuna jirani wa karibu katika lugha yetu. Si kulia, maana mtu hulia hata akiwa peke yake. Si utundu, wala si uvivu. Kudeka ni kulia kuliko maumivu yenyewe kwa kuwa unajua yupo wa kukubembeleza. Ni kuukataa uji mpaka uongezwe sukari. Ni kusema "sitaki" na huku unataka, ukingoja uombwe mara ya pili. Anayedeka ameweka dau, na dau lake ni hili: nikinuna, nitafuatwa. Kwa hiyo kudeka hakuwezekani kwa mtu mmoja, kama bao lisivyochezwa na mtu mmoja. Yatima hadeki kwa sababu hana wa kucheza naye. Kama ni jasiri au si jasiri, methali haikusema.

Wala haikusema "Yatima asideke". Hapa sarufi inatufaa kuliko hotuba. "Hadeki" ni taarifa: ndivyo ilivyo, ndivyo tunavyoona. "Asideke" ingekuwa amri. Wahenga walichagua la kwanza, na hawakuwa watu wa kuchezea viambishi. Linganisha na ndugu yake: "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba." Sijapata kumsikia mtu akiielewa hiyo kuwa ni nasaha, kwamba maskini, tafadhali, usiokote. Sote tunaisikia kama malalamiko juu ya watu walio wepesi wa kumshuku mnyonge. "Maskini hachoki" nayo haituambii kwamba miguu ya maskini ni ya chuma. Inatuambia kwamba hana pa kukaa. Basi kwa nini tukifika kwa yatima tunageuza masikio, taarifa ikawa amri?

Nitasimulia nilivyoiona ikigeuzwa. Shule siitaji. Alikuwa mvulana wa darasa la sita, mrefu kuliko wenzake, baba amefariki, mama yuko Modogashe na wadogo zake. Asubuhi moja aliomba asishike fagio kwa sababu sikio lilikuwa likimuuma. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwema tu ambaye siku nyingine ungemkuta akimnunulia mtoto huyohuyo daftari, alimcheka kidogo na kumwambia, "Warya, yatima hadeki. Kamata fagio." Akakamata. Hakuomba tena. Wiki kadhaa baadaye niligundua kwamba amehama dawati bila kuambiwa, akaenda kukaa ukutani upande wa kulia wa darasa, na kila nilipozungumza alikuwa akinigeuzia shavu la kushoto. Sikio la kulia lilikuwa halisikii tena. Nilipomuuliza tangu lini, alijibu kwa adabu kabisa, "Si mbaya, mwalimu." Tulikuwa tumemfundisha vizuri.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo. Methali ikisemwa na anayemtazama yatima kwa huruma, ni ushahidi. Ikisemwa na mwenye uwezo wa kumsaidia, inakuwa namna ya kujiondolea deni.

Sasa yatima ni nani? Kwa sheria ya Kiislamu ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Wasomali humwita agoon. Lakini ukitembea katika mabulla, yaani vitongoji, ya Garissa, kutoka Bulla Iftin hadi Bulla Punda, utakuta mayatima ambao baba zao wanapumua. Yuko aliyeachwa pamoja na mama baada ya talaka ya tatu. Yuko ambaye baba alikwenda Eastleigh, Nairobi, kutafuta kazi, akatuma pesa miezi minne, kisha simu ikawa haipatikani. Yuko ambaye baba yupo nyumbani kila siku, ila tangu adhuhuri shavu moja limejaa miraa na macho yako mbali. Mtoto wa namna hiyo hahesabiwi na mtu yeyote, wala hapati sadaka ya mayatima Ramadhani.

Jambo moja la Kisomali lilinifungua macho kuhusu anachokipoteza yatima. Kwao, mzazi humwita mtoto kwa cheo chake yeye mwenyewe. Mama ni hooyo, na yeye humwita mwanawe "hooyo". Bibi ni ayeeyo, na mjukuu akiitwa kwa upendo huitwa "ayeeyo". Mjomba ni abti, naye humjibu mpwa wake "abti". Jina huenda na kurudi kama mpira. Kwa mgeni kama mimi, niliyelelewa Pwani, ilikuwa kichekesho mwanzoni: mwanamke mzima anamwita kitoto cha miaka mitatu "mama". Kisha siku moja nikafikiri: baba akifa, mtoto hupoteza mtu, na juu yake hupoteza jina aliloitwa. Hakuna tena duniani mtu wa kumwita "aabo", yaani baba, kwa sauti ile. Hapo "hadeki" ilinieleweka kuliko katika kitabu chochote cha methali.

Na kaskazini mashariki imezalisha mayatima kwa zamu. Vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, vilianza 1963, mwaka wa uhuru, vikaisha kwa makubaliano ya Arusha mwezi Oktoba 1967, Kenneth Kaunda akiwa mpatanishi. Mwaka uliofuata, 1968, Young Muslim Association ilifungua makao ya watoto mjini Garissa, na mpaka leo wapo watu wazima wenye nafasi zao serikalini na sokoni waliokulia humo. Novemba 1980 Bulla Kartasi ikachomwa moto katika msako wa askari. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia wakakusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi hawakurudi. Idadi yao bado inabishaniwa. Sheria ya hali ya hatari haikuondolewa katika eneo hilo mpaka 1991, na mwaka huohuo Somalia ikaporomoka, kambi za wakimbizi za Dadaab zikaanza kujaa. Ukihesabu, karibu kila mwenyeji aliye na mvi leo ama alikuwa yatima, ama aligawana sahani na yatima.

Ukame hufanya kazi hiyohiyo bila bunduki. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika maeneo makavu ya Kenya. Nyumba ya mfugaji haivunjiki siku moja. Ng'ombe hutangulia, kisha kondoo, kisha mbuzi, na ngamia ndiye wa mwisho kukata tamaa. Baba huondoka na wachache waliobaki kufuata majani, au huondoka bila mnyama. Mama husogea na watoto hadi ukingoni mwa mji, akasimamisha kibanda cha matao ya fito na turubai, akaanza kuuza chai au maziwa ya watu wengine. Kisha watoto hugawanywa. Mmoja huenda kwa abti, mwingine kwa ayeeyo, wa tatu kwa maalim wa dugsi, yaani chuo cha Kurani. Ukiwauliza hakuna atakayekuambia kwamba familia imevunjika. Imegawanywa tu, kama mzigo uliomshinda punda mmoja.

Sitaki nidanganye kwamba mtoto huyu hapati kitu. Hupata mengi, na kwa haraka. Akiwa na miaka kumi anajua bei ya maji bulla hii na bulla ile. Anasoma uso wa mtu mzima kabla hajafungua mdomo, maana riziki yake iko katika uso huo. Anajua duka gani hukopesha na siku gani. Nimewaona Soko Mugdi wavulana wakibishana bei kwa lugha tatu, Kisomali, Kiswahili na Kiborana, na mnunuzi asijue amezidiwa mpaka amefika nyumbani. Wenye kusema "Garissa ilinifanya kuwa mtu" hawasemi uongo. Tena Waswahili walitahadharisha dhidi ya upande wa pili: "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Ila tuangalie methali hiyo inaelekezwa kwa nani. Inamlenga mzazi mwenye mwana na sukari ndani ya nyumba. Haikutungwa kwa ajili ya mtoto ambaye hajapata kubembelezwa hata mara moja.

Wanachokikosa ni kimoja, nacho hakionekani mpaka baadaye: hawajui kuomba. Wanajua kuuza, kubisha, kuvumilia, kukimbia. Lakini kusema "nisaidie, siwezi" ni chembe ya kudeka, na hilo hawakujifunza. Wavulana hulificha kwa ukimya, kama yule wa sikio. Wasichana hali yao ni ngumu zaidi, kwa sababu wao, mama akienda sokoni, hugeuzwa mama. Kifungua mimba wa kike hana hata fursa ya kuitwa yatima. Yeye ndiye anayedekewa na wadogo zake. Akiozwa mapema, watu husema ametulia. Nani amemwona akitulia?

Kuna kisiwa kinaitwa Kauai, huko Hawaii, mbali na mto Tana kama ulivyo mbali Mwezi. Mtafiti Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, kwa miongo kadhaa. Karibu theluthi moja walizaliwa katika ufukara na nyumba zenye misukosuko, na kati ya hao theluthi moja walikua watu wazima wenye kujiweza na kupendana na watu. Walipowachunguza, moja ya mambo yaliyowatofautisha ni kwamba walikuwa na angalau mtu mmoja aliyekuwa wao kweli: bibi, shangazi, jirani, mwalimu. Mtu mmoja alitosha, wala si lazima awe mzazi. Kwa maneno yetu, watoto wale walikuwa na pa kudekea. Ukakamavu tunaousifu ulikua juu ya ulaini mdogo uliokuwa umefichwa mahali.

Lakini Garissa haikuhitaji kusubiri Hawaii. Ingia dugsi yoyote baada ya alfajiri. Watoto wameketi juu ya jamvi, loho mapajani, wino wa makaa umewatia vidole weusi, na kila mmoja anasoma aya yake kwa sauti kubwa ili asisikie ya mwenzake. Katika Juzuu Amma, ambayo ndiyo wanaanza nayo, imo Surat Adh-Dhuha. Sura ile inazungumza na Mtume mwenyewe, ambaye baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake alipokuwa na umri wa miaka kama sita, na babu aliyemchukua akafuata muda si mrefu. Inamkumbusha kwamba alikuwa yatima akapewa hifadhi; kisha, baada ya kumkumbusha hilo, ndipo inamkataza asimwonee yatima. Nazungumzia mpangilio tu, tafsiri nawaachia wenyewe. Amri ipo, lakini haikuelekezwa kwa mtoto. Haimwambii yatima jikaze. Imemwendea mtu mzima ambaye aliwahi kuwa yatima, na imetanguliwa na kumbukumbu ya mkono uliomshika. Mtoto wa Bulla Iftin anaikariri akiwa na miaka sita bila kujua Kiarabu. Anajisomea habari zake mwenyewe, na wenye kuzielewa tumekaa pembeni tukinywa chai.

Kutoka Dadaab yuko mtu ambaye naona aliielewa amri hiyo. Abdullahi Mire aliletwa kambini akiwa mtoto mdogo, familia yake ilipokimbia vita vya Somalia, akaishi humo zaidi ya miaka 20. Alipata kuhamia Norway, akakaa, kisha akarudi Kenya. Alikuwa akifanya kazi ya uandishi wa habari pale msichana mmoja wa kambi ya Hagadera alipomwomba amtafutie kitabu cha baolojia, maana shuleni kwao kitabu kimoja kiligombaniwa na wanafunzi wengi na yeye alitaka kuwa daktari. Ombi hilo ndilo lililozaa mengine. Alianza kukusanya vitabu, akafungua maktaba, na 2023 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likampa Tuzo ya Nansen kwa kufikisha vitabu 100,000 mikononi mwa watoto wa kambi. Watu humsifu Mire, na anastahili. Mimi jicho langu liko kwa msichana. Aliinua kichwa, akatazama, akamwona mtu aliyesoma na aliyetoka humohumo kambini, akathubutu kuomba. Angekuwa ameipokea methali kwa maana ya asideke, angenyamaza na kukopi madaftari ya wenzake usiku.

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia ustahimilivu wa watoto wa kaskazini ukisifiwa kana kwamba ni madini yaliyomo ardhini. Unategemea watu, na watu huondoka. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa katika shambulio huko Kamuthe, Garissa, tume ya walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu mwalimu aliyepanda basi. Hata mimi nina mama. Lakini kwa mtoto ambaye mwalimu ndiye mtu mzima pekee anayelijua jina lake, basi lile lilikuwa msiba wa pili. Upande wa pili wa mizani, mpango wa serikali wa kuzipa pesa nyumba zinazolea mayatima ulijaribiwa 2004 kwa nyumba 500 tu, katika Garissa, Kwale na Nairobi. Siku hizi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa ndogo na mara nyingi huchelewa, ila bibi mmoja aliniambia kitu ambacho hakimo katika fomu zao: mwezi zinapoingia, wajukuu huanza kuchagua mboga. Alikuwa akilalamika. Mimi nilifurahi.

Bibi huyo namfahamu kupitia mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na mmoja anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Huamka kabla ya adhana, huteka, hupakia mitungi ya lita 20, huzunguka nyumba kwa nyumba, kisha huja darasani na mikono yenye sugu kama ya fundi. Barabarani ni mkali. Nimemwona akimzuia dereva wa lori kwa fimbo ya punda, akamwambia, "Mzee, ngoja, kuna mtu hapa."

Jioni moja nilipita kwao kupeleka barua ya shule. Alikuwa amemfungua punda, ameketi mkekani, bega limeegemea goti la bibi. Ayeeyo akammiminia chai ya maziwa ya ngamia katika kikombe cha bati, akamwekea mbele. Mvulana akakitazama tu.

"Ni moto," akasema.

Kilikuwa hakifuki hata mvuke. Bibi akakichukua, akamimina chai katika kisosi, akaipuliza polepole. "Kunywa, ayeeyo," akamwambia.

Akaonja. "Bado," akasema, na bibi akapuliza tena.